Noti hazifunguki, linki inaomba ruhusa, flashi imemeza mafaili: utatuzi wa matatizo ya vifaa vya kufundishia katika vyuo vya afya

Mkufunzi anapandisha slaidi 48 za malaria kali kwenye Drive saa mbili usiku, anaitupia linki kwenye gurupu la darasa, analala. Asubuhi gurupu limefurika. "Mwalimu, haifunguki." "Inaniambia niombe ruhusa." "Bando limekata." "Kwangu naona kurasa nyeupe tu." Hayo ni matatizo manne tofauti na kila moja lina dawa yake, lakini yote hubatizwa jina moja: mtandao mbovu. Ndiyo maana wiki ijayo yanarudi vilevile.

Mwongozo huu ni wa wakufunzi, ma-CR (wawakilishi wa madarasa) na wale walioangukiwa na jukumu la kompyuta katika vyuo vya afya vya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi ndiyo inayotangulia, kwa hiyo usiruke hatua ya kwanza kwa kuwa inaonekana nyepesi mno.

Kabla hujagusa kitu, chukua historia kama unavyoichukua kwa mgonjwa. Tatizo ni la mtu mmoja au darasa zima? Faili moja au yote? Simu tu, au na kompyuta pia? Likiwa la mtu mmoja, kasoro iko kwenye simu au akaunti yake. Faili moja likigoma kwa watu wote, kasoro iko kwenye faili au kwa mwenye faili. Mafaili yote yakigoma kwa wote, angalia ruta, seva na umeme. Kisha omba picha ya skrini. Neno "haifunguki" linaweza kuwa na maana sita, na maneno yaliyoandikwa kwenye skrini ndiyo yatakayokuambia ni ipi.

"Inaniambia niombe ruhusa"

Mara nyingi folda haijafunguliwa. Faili jipya kwenye Google Drive huzaliwa likiwa la mwenyewe peke yake. Bonyeza "Share", nenda sehemu ya "General access", badilisha "Restricted" iwe "Anyone with the link", na upande wa kulia hakikisha pameandikwa "Viewer". Ukiacha "Editor", mwanachuo atakayefuta slaidi kwa kidole kilichoteleza atakuwa amewafutia wote. Kisha ijaribu linki mwenyewe kwenye dirisha la faragha la kivinjari kabla ya kuituma. Ikifunguka pale bila kuulizwa akaunti, itafunguka kwa yeyote.

Sababu ya pili ni akaunti. Mwanachuo ana akaunti ya chuo na Gmail yake binafsi kwenye simu moja, na iliyotangulia ni ile binafsi. Drive itamkatalia hata kama anwani yake ya chuo imo kwenye orodha ya walioruhusiwa. Aguse ile duara yenye picha au herufi juu kulia, abadilishe akaunti, afungue linki upya.

Ya tatu ndiyo inayouma: mwenye faili ameondoka. Mkufunzi amehamishwa na akaunti yake ya chuo imefungwa, au bado yupo ila alikuwa anasafisha nafasi, maana zile GB 15 za bure zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Google Photos. Faili lililofutwa hukaa kwenye tupio siku 30, baada ya hapo limekwenda. Aliyepewa linki hana la kufanya. Mwenye faili ndiye wa kulirudisha, tena ndani ya siku hizo. Kinga yake ni ya kiutawala kuliko ya kompyuta: folda za kila somo zimilikiwe na akaunti ya idara, nenosiri lijulikane na watu wawili, na anayehama ahamishe umiliki wa mafaili siku ileile anayokabidhi funguo za ofisi.

Mara chache, hasa wiki ya kabla ya mtihani, faili moja linashushwa na watu wengi mno kwa muda mfupi na Drive inalifunga kwa muda. Kwa kawaida huachia ndani ya saa 24. Wakati huo CR aliyekwisha kulishusha agawe nakala yake.

Simama hapa: usitibu malalamiko ya ruhusa kwa kufungulia kila kitu. Mitihani, alama za wanachuo na kesi za wagonjwa haziwekwi kwenye "Anyone with the link" hata kwa saa moja. Hizo unaongeza watu kwa majina. Na akaunti ya chuo iliyofungwa hufunguliwa na msimamizi wa akaunti za chuo tu. Usibahatishe nenosiri la mwenzako aliyehama.

"Bando limeisha kabla faili halijashuka"

Hapa mtandao husingiziwa sana. Angalia kwanza uzito wa faili. Noti zikizidi MB 20, tafuta kinachozinenepesha.

Kwa slaidi, mara nyingi ni picha za simu. Picha moja ya megapikseli 12 huwa na MB 3 hadi 5. Ukipachika 40 kwenye PowerPoint umekaribia MB 150, hata kama kila moja umeipunguza ikawa ndogo kama stempu, kwa sababu kupunguza ukubwa kwenye slaidi hakupunguzi faili. Bofya picha yoyote, nenda "Picture Format", kisha "Compress Pictures". Ondoa tiki kwenye "Apply only to this picture", chagua 150 ppi, halafu hifadhi kwa jina jipya ili nakala nzito ibaki kwako.

Kwa noti zilizoskaniwa, tatizo ni mashine kuachwa kwenye rangi na dpi 600. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 una pikseli kama milioni 8.7, na kwa dpi 600 ni mara nne ya hizo. Maandishi ya kuchapwa yanasomeka vizuri kwa dpi 200 bila rangi. Rangi iache kwa kurasa zenye michoro inayoihitaji.

Video ndiyo nyoka mwenyewe. Saa moja ya kipindi iliyorekodiwa kwa simu katika 1080p inaweza kupita GB 7. Ipitishe kwenye HandBrake, programu ya bure: chagua H.264, urefu wa picha 480, fremu 15 kwa sekunde, kasi ya wastani 300 kbps kwa picha, na sauti ya AAC ya njia moja kwa 64 kbps. Piga hesabu: 364 kbps mara sekunde 3,600, gawanya kwa 8, unapata MB 164 hivi kwa saa nzima. Kipindi cha dakika 40 ni kama MB 110. Na kama kwenye video hakuna kinachoonekana zaidi ya slaidi ambazo wanachuo wanazo tayari, toa sauti peke yake: saa moja ni MB 29. Mwanachuo aliyeko zamu ya mazoezi atakushukuru kwa hilo kuliko kwa video ya kung'aa.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kukondeshwa. Picha ya damu iliyopigwa kupitia hadubini ni mmojawapo. Pete changa ya Plasmodium falciparum ina upana wa karibu moja ya tano ya chembe nyekundu, yenye nukta moja au mbili za kromatini. Tuma picha hiyo kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida, programu itaikamua ili iwe nyepesi: ukingo wa pete unayeyuka, nukta inaungana na mwili wa chembe, na mwanachuo anayejifunza kwa picha hiyo anaanza kuhesabu uchafu wa rangi kama vimelea. Mstari mwembamba wa mfupa uliopata ufa kwenye eksirei hupotea vivyo hivyo. Picha za namna hii zitume kupitia alama ya kibanio cha karatasi, chagua "Document". Zitafika kama zilivyotoka.

Na kuna malalamiko ya jirani: "Mwalimu, tuma tena, inasema faili halipo." Kitu kilichotumwa WhatsApp kisiposhushwa, hukaa kwenye seva zao siku 30. Mwanachuo aliyekwenda mazoezi Makete, Ludewa au Ileje akaa mwezi mzima bila kukishusha atakuta kimeondolewa. Usingoje wafike huko ndipo uanze kutuma. Kifurushi chote cha zamu, yaani noti, fomu na miongozo, kiwekwe kwenye kadi za kumbukumbu za simu zao wiki moja kabla ya safari, wakiwa bado chuoni.

"Slaidi zinafunguka lakini zimevurugika"

Kwanza, uliza wanafungulia nini. PowerPoint iliyotengenezwa kwenye kompyuta na kufunguliwa kwa WPS, programu nyingine ya ofisi, kwenye simu husogeza maandishi, hupoteza mishale na wakati mwingine huweka namba juu ya namba. Kwa jedwali la dozi hilo si suala la urembo. Wape PDF ya kusomea. PPTX ibaki kwa wakufunzi wanaoihariri.

Kama ni visanduku vitupu mahali pa herufi, fonti haipo kwenye mashine nyingine. Tumia fonti za kawaida, au kwenye "File", "Options", "Save", weka tiki kwenye "Embed fonts in the file".

Video ndani ya slaidi ikiwa nyeusi ukumbini, huenda iliunganishwa tu bila kupachikwa, na faili lenyewe limebaki kwenye laptopu ya nyumbani. "File", "Info" itakuonyesha linki zilizokatika. Ikiwa imepachikwa na bado haichezi, huenda ilirekodiwa kwa HEVC, mfumo mpya zaidi wa kubana video, na kompyuta ya ukumbini haina uwezo wa kuisoma. Ibadilishe iwe H.264 kwa HandBrake ileile.

Faili la ZIP likigoma kufunguka kwenye Windows na kulalamikia urefu wa jina, kweli jina ni refu: njia nzima, kuanzia C: hadi mwisho wa jina, ina kikomo cha kawaida cha herufi 260. Hamishia ZIP kwenye C:\NOTI kisha ifungue hapo.

"Flashi inaonyesha njia za mkato tu"

Flashi imetoka steshenari kuchapisha, ukiichomeka unakuta kila folda ina kimshale na haifunguki. Mafaili kwa kawaida hayajafutwa. Kirusi kimeyaficha na kuweka vivuli mahali pake, na ukibofya kivuli unakiruhusu kihamie kwenye kompyuta yako. Kwa hiyo usibofye. Pitisha antivirasi kwanza. Halafu fungua Command Prompt, angalia flashi imepewa herufi gani, na kama ni E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Acha dakika chache. Folda halisi zitajitokeza. Nakili nyaraka tu, yaani PDF, PPTX, DOCX na picha. Usinakili vimshale wala mafaili yanayoishia na .lnk, .vbs au .exe usiyoyajua. Kisha fomati flashi. Ile kompyuta iliyochomekwa kwanza nayo ipitishwe antivirasi, la sivyo itaiambukiza tena kabla ya saa sita.

Flashi ikikataa faili moja kubwa wakati nafasi ipo, imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Hamisha yaliyomo kwanza, kisha uifomati kwa exFAT.

Ikiwa mafaili yananakiliwa vizuri lakini nusu yake hayafunguki, shuku flashi feki. Imeandikwa GB 512, ndani ina 16, na kinachozidi hapo kinaandikwa hewani. Ipime kwa H2testw kabla ya kuipa kazi: programu inaijaza flashi yote, kisha inasoma ilichoandika. Ikishindwa usiitumie hata kwa sehemu inayofanya kazi.

Simama hapa: Windows ikikuambia "You need to format the disk before you can use it" na ndani kuna noti ambazo hazipo kwingine, bonyeza "Cancel". Usifomati, usiandike kitu kingine juu yake. Mpelekee fundi anayefanya urejeshaji wa data, tena umuulize kabla ya kumwachia kama anafanya kazi hiyo au anafomati tu.

"Wi-Fi ya maktaba imekamata ila noti hazitokei"

Vyuo vingi vimejifunza kuweka noti kwenye seva ndogo ya ndani, kompyuta ya zamani au Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) yenye Moodle au Kolibri, programu za kusomea, ili wanachuo wasome bila bando. Ni uamuzi mzuri sana kwa mikoa yetu. Malalamiko yake huja kwa mpangilio huu.

1. Simu imeikimbia Wi-Fi. Ikigundua haina intaneti, hurudi kimyakimya kwenye data ya kampuni ya simu, na seva ya ndani haionekani kupitia huko. Azime data, aunge Wi-Fi tena, na simu ikiuliza kama abaki bila intaneti akubali. Hili peke yake humaliza sehemu kubwa ya malalamiko.

2. Anwani imeandikwa vibaya. Kivinjari huongeza https chenyewe wakati seva nyingi za ndani zina http tu. Bandika karatasi ukutani yenye anwani kamili, ikianza na http://.

3. Anwani ya seva imebadilika. Umeme ulikatika, ruta ikawaka na kuigawia namba nyingine: jana 192.168.1.10, leo 192.168.1.14. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayogawa namba hizo, uitengee seva namba yake ya kudumu.

4. Watu wamezidi. Laptopu ya Windows inayotumika kama hotspot hupokea vifaa 8 tu. Kwa darasa la watu 60 tafuta kifaa cha kurushia Wi-Fi kilichotengenezwa kwa watu wengi, na kama viko viwili jirani viweke kwenye chaneli tofauti: 1, 6 au 11.

Mkufunzi naye hulalamika kwamba Moodle inakataa kupandisha faili. PHP, lugha inayoiendesha Moodle, kwa kawaida huja na kikomo cha MB 2 kwa faili na MB 8 kwa jumla ya kinachotumwa. Kwenye php.ini ongeza upload_max_filesize na post_max_size, cha pili kikiwa kikubwa kuliko cha kwanza, kisha uiwashe upya huduma ya wavuti. Halafu angalia kikomo kwenye mipangilio ya Moodle nzima na ya kozi yenyewe, maana kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Ukiona kosa namba 413 na programu ya wavuti kwenye seva ni nginx, kikomo kingine ni client_max_body_size, ambacho huanzia MB 1.

Kuhusu umeme, msimu wa mvua huku kwetu, Novemba hadi Aprili au Mei, huja na radi za kutosha, na Tukuyu hawahitaji kuambiwa. Watu hukumbuka kuchomoa plagi na kusahau waya wa mtandao unaotoka jengo hadi jengo, ambao nao huleta mshtuko hadi kwenye seva. Chomoa vyote viwili. Seva iwe kwenye UPS, na UPS ipewe kazi ya kuizima kwa utaratibu kabla betri haijaisha, maana kuzimika ghafla ndiko kunakoharibu hifadhidata ya Moodle.

Simama hapa: UPS inayonuka, iliyovimba au inayopata moto usiifungue. Ndani yake kuna umeme unaoua hata ikiwa imechomolewa. Mwite fundi umeme. Na kama Moodle inataja kosa la hifadhidata, nakili folda ya moodledata na hifadhidata vilivyo kabla hujajaribu amri yoyote uliyoiona mtandaoni.

"Mwalimu, dozi ya kwenye slaidi si sawa na ya wodini"

Dalili hii haina ujumbe wowote mwekundu. Faili linafunguka vizuri, linasomeka vizuri, na lina makosa. Ni hatari kuliko zote zilizotangulia, kwa kuwa faili lililogoma humfanya mwanachuo aulize, wakati hili humfanya aamini.

Chukua artesunate ya sindano. Zamani dozi ilikuwa mg 2.4 kwa kila kilo kwa wote. Tangu mwongozo wa WHO wa 2015, mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 anapewa mg 3 kwa kilo, saa 0, 12 na 24, kisha mara moja kwa siku. Mtoto wa kilo 10 kwa slaidi ya zamani atapata mg 24, na kwa slaidi sahihi mg 30. Amepunjwa moja ya tano ya dozi, akiwa na malaria kali, kwa sababu mtu fulani alirithi slaidi kutoka kwa mtangulizi wake akabadilisha jina na tarehe ya ukurasa wa kwanza tu.

Sababu kubwa ni kuwa na nakala nyingi bila faili mama. "Malaria final", "Malaria final mpya", "Malaria final ya mwisho2" zote zinazunguka kwenye magurupu, na mwaka wa kwanza wanazirithi kutoka mwaka wa pili. Anza kwa jina linalosema lenyewe, mwaka ukitangulia mwezi ili mafaili yajipange: NTA5_Watoto_MalariaKali_2025-02-10. Chini ya kila slaidi yenye dozi andika chanzo na mwaka wake. Mwanachuo akipiga picha slaidi moja na kuirusha kwenye gurupu, tarehe itasafiri nayo.

Sababu ya pili ni kutuma linki mpya kila unaposahihisha. Zile za zamani hubaki hai. Kwenye Drive bofya faili kwa kitufe cha kulia, tafuta "Manage versions", pandisha toleo jipya humohumo. Linki haibadiliki, na aliyeihifadhi tangu mwaka jana atafungua sahihisho la leo. Ila waliokwisha kushusha PDF hutawafikia kwa njia hiyo. Kwao andika tangazo lenye dozi ya zamani, dozi mpya, na ombi la kufuta nakala.

Toleo lililopitwa usilifute. Lihamishie folda inayoitwa ZAMANI_USITUMIE, isiyoonekana na wanachuo. Kisha, mwongozo wa taifa wa matibabu unapotolewa upya, tafuta jina la dawa husika kwenye folda nzima: Drive husoma hadi ndani ya mafaili. Utashangaa dawa moja imejificha kwenye slaidi za masomo matatu.

Simama hapa: mtu wa kompyuta hasahihishi dozi, hata kama ana uhakika. Wala CR. Ficha faili, mjulishe mkufunzi wa somo, na ikihitajika mfamasia, ndipo lirudi.

"Jina la mgonjwa linaonekana"

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Hata kabla ya sheria, mama aliyekubali picha ya kidonda chake ipigwe alikubali kwa ajili ya mafunzo. Hakukubali ifike kwenye simu ya shemeji yake.

Jina huvuja hasa kwa njia ya kukata picha. Mkufunzi anaweka picha ya altrasaundi kwenye PowerPoint. Juu kabisa mashine imechapa jina, namba ya faili na tarehe. Anaikata sehemu ile, haionekani, anaridhika. Lakini PowerPoint huitunza sehemu iliyokatwa. Mwanachuo akibofya picha na kugusa "Crop", jina linarudi lote. Kisanduku cheusi kilichowekwa juu ya jina ni dhaifu zaidi, kwani kinasogezwa kwa kidole. Tiba: fungua "Compress Pictures" ileile na uweke tiki kwenye "Delete cropped areas of pictures". Bora zaidi, ikate picha kwenye programu ya picha, uihifadhi upya kama PNG, ndipo uipachike. Kisha jijaribu kwa kufungua slaidi na kujaribu kulirudisha jina.

Njia nyingine ni faili la DICOM, yaani muundo wa picha za mashine za hospitali, lililochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Hata pale jina lisipoonekana juu ya picha, limo kwenye taarifa zilizofungwa ndani. Usigawe DICOM kwa wanachuo. Toa PNG, na ile PNG nayo ikague kwa macho.

Picha ya simu hubeba mahali ilipopigwa. Hapa ule ushauri wa kutuma kama "Document" una upande wa pili: unalinda ubora, na pia unalinda taarifa hizo zisifutike. Kwenye Windows bofya picha kwa kitufe cha kulia, "Properties", "Details", kisha "Remove Properties and Personal Information", ndipo utume.

Halafu kuna kinachoponyoka hata bila jina. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakumfichi mtu mwenye kovu, chale au kitenge kinachojulikana. "Mama wa miaka 23, kijiji fulani cha Mufindi, aliyejifungua mapacha watatu mwezi uliopita" ametajwa jina tayari kwa kila anayeishi pale. Ondoa kijiji, umri uwe wa mafungu, mwezi uondoke.

Picha ikishatoka, admini wa gurupu anaweza kuifuta kwa wote, na aliyeituma anaweza ndani ya takribani siku 2. Lakini iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye simu za watu haifutiki. Simama hapo. Usianze kuwahoji wanachuo mwenyewe wala kufuta ushahidi wa nani alituma lini. Andika saa, gurupu na picha yenyewe, mpelekee mkuu wa idara na uongozi wa hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa mgonjwa ana haki ya kuambiwa.

"Diski inalia tik-tik"

Zima sasa hivi. Usiiwashe tena kuona kama imepona, usiigonge, usiiweke kwenye friji, usiendeshe chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski. Mlio huo ni kichwa cha kusomea kikihangaika, na kila mzunguko unaweza kukwaruza zaidi.

Kama hailii, ila haionekani, anza na waya. Badilisha waya wa USB, kisha tundu. Diski ya nje inayochomekwa kwenye tundu dhaifu au kupitia kigawanyio kisicho na umeme wake hukosa nguvu ya kuzunguka. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine. Njombe na Makete, miezi ya Juni na Julai, diski iliyosafiri alfajiri kwenye bodaboda isichomekwe mara tu inapoingia chumba chenye joto. Iache ndani ya begi saa moja unyevu ukauke.

Kabla ya yote hayo kutokea, noti za idara ziwe na nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na moja ikae nje ya jengo. Mara moja kwa mwezi fungua faili moja kutoka kila nakala uone kama linafunguka.

Diski iliyolia ifunge kwenye kitambaa laini, uiweke kwenye boksi, na uandike juu yake: tarehe iliyoanza kulia, ilikuwa inafanya nini, imewashwa mara ngapi tangu hapo, na folda tatu zinazohitajika kuliko zote. Fundi ataanza na hizo tatu.